Usimtwike Darwin mzigo wote

Nairobi

Kwa dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na poleni na baridi ya huko Limuru. Umeniandikia kwamba kijana wako ameacha kanisa tangu aingie chuo, na kwamba unalilaumu somo la biolojia. Unasema nadharia ya mageuko ya viumbe, ile ya mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin, ndiyo iliyozaa ukanamungu. Mimi sikubali.

Ukanamungu ulikuwapo kabla. Baron d'Holbach, aliyeishi Paris, alitoa kitabu kizima cha kumkana Mungu mwaka 1770, tena kwa kutumia jina la mtu mwingine, maana hatari ilikuwa kubwa. Darwin alichapisha chake kuhusu asili ya spishi mwaka 1859.

Lakini Darwin alichangia, tena pakubwa. Mwaka 1802 William Paley, kasisi wa Kianglikana, aliandika kwamba ukiokota saa njiani utajua ina fundi aliyeitengeneza. Basi na jicho nalo lina fundi wake. Wakristo wengi wasomi wa Uingereza waliegemea hoja hiyo. Darwin akaonyesha jinsi jicho linavyoweza kujengeka kidogo kidogo, kizazi hadi kizazi, kwa sababu viumbe wanaoona vizuri kidogo kuliko wenzao huishi na kuzaa zaidi. Aliyekuwa ameijenga imani yake yote juu ya hoja ya Paley alibaki hana pa kushika. Anayetafuta sababu za kumkana Mungu naye akapata jibu ambalo d'Holbach hakuwa nalo.

Hata hivyo, Asa Gray, mtaalamu wa mimea pale Harvard, aliitetea nadharia hiyo Marekani na akabaki Mkristo. Na hapa kwetu, nimewaona watoto wa shule za misheni pale makumbusho wakimkodolea macho yule kijana wa Turkana, mifupa ya binadamu wa kale, ya miaka milioni moja na nusu, iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984. Wanahesabu mbavu zake, wanabishana kuhusu meno yake, na Jumapili wako kwaya.

Darwin mwenyewe alifiwa na binti yake Annie mwaka 1851, akiwa na miaka 10. Wengi walioandika maisha yake hukitaja kifo hicho wanapoeleza jinsi imani yake ilivyofifia. Na mwaka 1879, katika barua, alisema hajawahi kuwa mkanamungu wa kukataa kwamba Mungu yupo.

Dada, baba wa kijana wako alipougua, waumini walimwambia kijana kwamba akiomba kwa imani mzee atapona. Siku ya mazishi nilikaa kando yake. Kitabu cha nyimbo kilikuwa wazi mapajani, na hakufungua mdomo hata ubeti mmoja. Wakati huo alikuwa bado hajaingia chuo.

Muulize kuhusu hilo kabla hujamuuliza kuhusu Darwin, na umwache aseme mpaka amalize. Akija Nairobi apite kwangu, nitapika, wala sitamhubiria.

Nakupenda sana.

Mimi rafiki yako