Malalamiko kuhusu amplifaya inayozimika ndani ya kabati mlilolipima wenyewe

Mbezi Beach,
Dar es Salaam.

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

YAH: AMPLIFAYA KUZIMIKA NA KABATI KUHARIBIWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naanza na risiti, maana fundi wenu aliyekuja Jumamosi alisema tatizo ni "kabati la mama". Ninayo risiti yenu ya shilingi 150,000 ya upimaji. Kwa fedha hizo mtu wenu alikuja sebuleni, akapima ukuta, akachora mchoro, na mchoro huo ndio niliomkabidhi seremala. Kabati la mninga limejengwa kwa vipimo vyenu. Kama ni dogo, wa kuulizwa ni nyinyi.

Baadaye mkaniambia amplifaya yangu ya zamani haina nguvu ya kuendesha spika mpya nilizonunua kwenu, mkaniuzia nyingine. Hii ina kina cha sentimita 44 kabla ya kuhesabu plagi na waya za nyuma; rafu ina 45. Fundi alipoona haiingii, alichukua msumeno akatoboa mgongo wa kabati bila kuniuliza. Nilikuwa jikoni, nikadhani jirani anajenga. Tundu limechanika pembeni, na mninga si kitambaa useme utatia kiraka.

Juu ya amplifaya imebaki nafasi ya vidole viwili, wakati kitabu chake cha maelekezo kinataka sentimita 10. Tundu la nyuma halisaidii kitu, kwa kuwa kabati limegusa ukuta. Joto halina pa kutokea, na joto la Dar mwezi Februari mnalijua. Isitoshe, spika ni za ohm 4 (ohm ni kipimo cha ukinzani wa umeme), ambazo huichosha amplifaya kuliko za ohm 8. Ikifika kama dakika 40 inajizima, taa nyekundu inawaka. Nilipopiga simu niliambiwa niache milango wazi ninaposikiliza. Milango ile ipo kwa sababu nina mjukuu wa miaka 3 anayebonyeza kila kinachowaka. Hilo nalo nilimwambia mpimaji wenu, akaliandika kwenye daftari lake.

Spika zenyewe zina tundu la kutolea besi kwa nyuma, linalohitaji nafasi, nanyi mmezisukuma hadi zikagusa mgongo wa kabati. Dukani kwenu zilikuwa juu ya stendi, mbali na ukuta, na ganuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, niliisikia uzi kwa uzi. Ndiyo iliyonifanya nitoe fedha. Nyumbani nikiweka taarabu, ganuni imezama na kinachobaki ni ngurumo.

Vifaa ni vizuri, sidai mvichukue. Ninachodai ni mlipe ankara ya seremala ya kubadilisha mgongo wa kabati, mfunge feni zisizo na kelele pamoja na matundu ya hewa chini na juu, na spika zitoke kabatini zikae kwenye stendi, kwa gharama zenu. Mchoro nioneshwe kabla mbao haijaguswa. Na aje fundi mwingine. Huyu wa msumeno simtaki tena nyumbani kwangu.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nitapeleka shauri hili Tume ya Ushindani.

Nimeambatanisha nakala za risiti, mchoro wenye mhuri wenu na picha za tundu.

Wenu,
Mteja