Kompresa Inatema Maji? Usikimbilie Kununua Nyingine

Mafundi rangi wengi wanakuja kwetu na lalamiko lile lile: mlango wa gari umepuliziwa vizuri, halafu rangi inatoa vipele. Wanataka kubadilisha kompresa. Mara nyingi mashine haina kosa lolote.

Vipele hivyo huletwa na maji, na maji hayo yameingia pamoja na hewa. Hewa ya Dar es Salaam ikiwa na joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, kila mita moja ya ujazo ina takriban gramu 24 za mvuke wa maji. Geji ikisoma bar 8, yaani bar 8 juu ya bar 1 ya hewa ya kawaida, maana yake hewa iliyokuwa imejaa mita 9 za ujazo huko nje imeshindiliwa kwenye mita 1. Mvuke wake wote, zaidi ya gramu 200, umo humo. Ila kwa joto hilo hilo mita 1 haiwezi kushika zaidi ya gramu 30 hivi za mvuke, hata ukipandisha presha. Unaozidi hugeuka maji.

Sasa mbona umefunga chujio la kunasa maji pale pale kwenye tangi na bado rangi inaharibika? Hewa ikishindiliwa hupata joto. Bomba linalotoka kwenye kichwa cha pistoni huunguza kweli kweli, usilishike. Hewa ikiwa bado ya moto, maji hupita kwenye chujio yakiwa mvuke, kisha yanapoa ndani ya mpira, hatua chache kabla ya bunduki ya rangi. Ndiyo maana sisi chujio tunalifunga mbali na kompresa, karibu na fundi anaposimama, baada ya mita kadhaa za bomba la chuma lililoinamishwa kidogo.

Koki ya chini ya tangi ifunguliwe kila jioni. Ukiona maji ya kutu, tangi linaliwa kwa ndani. Yakiwa meupe kama maziwa, oili inapita, pengine ringi za pistoni zimeisha. Hapo ilete.

Tangi la kutu tunalipima presha kwa maji, kamwe si kwa upepo, hata mteja akiwa na haraka. Maji hayashindiliki, kwa hiyo tangi likipasuka presha hushuka papo hapo na yanamwagika tu. Upepo hutanuka kwa kishindo na kurusha vyuma. Na likivuja kwenye kipimo, kiraka hatuchomelei.