Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Handaki la Magpie

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana, nawasalimu nyote.

Muhtasari wa mkutano mkuu uliopita mnao, na mweka hazina atasoma hesabu baada yangu, kwa hiyo fedha sitazigusa isipokuwa pale zinapohusu handaki. Matembezi ya kawaida yalikwenda vizuri. Safari ya pwani ya Whitby ilinyeshewa tangu asubuhi hadi jioni, na sina la kuongeza.

Wanachama wapya wameniuliza zaidi ya mara moja: chama cha matembezi cha Waswahili wa Sheffield kimeingiaje kwenye handaki la maji la Waingereza wa kale? Tuliingia kwa sababu tulialikwa. Watu wanaoshughulika na migodi ya kale huko Derbyshire walikuwa wanatafuta mikono ya kujitolea, na miongoni mwetu wapo waliochimba Mererani, Geita na Katanga. Ndugu zetu hao wanajua kuingia chini ya ardhi na kutoka salama, jambo ambalo wengi wetu wenye buti za bei mbaya hatulijui.

Nieleze kidogo handaki lenyewe. Juu ya mlima karibu na kijiji cha Sheldon upo mgodi wa risasi (ile metali yenye sumu, si risasi ya bunduki) uitwao Magpie, uliochimbwa tangu karne ya 18 na kufungwa kabisa mwaka 1958. Aliyewasumbua wachimbaji wake ni maji. Kila waliposhuka chini zaidi yaliwafuata, na kuyapandisha kwa injini ya mvuke kulikula makaa ya mawe bila kushiba. Jengo la injini la mwaka 1869 bado limesimama, na wengi mmepiga picha mbele yake. Mwaka 1873, enzi ya Malkia Victoria, wenye mgodi wakaamua kuyatolea maji mlango chini. Wakaanza kuchimba bondeni, ukingoni mwa mto Wye, wakielekea mgodini kwa mwinuko mdogo sana, ili maji yatelemke yenyewe mchana na usiku bila injini. Njiani wakakutana na mwamba wa volkano, mgumu kupita chokaa walichokizoea. Walifika mwaka 1881, baada ya miaka minane na zaidi ya kilomita moja na nusu ya kuchimba. Kufika kwao hakukuwatajirisha, kwani bei ya risasi ilikuwa imeshaporomoka. Handaki likabaki kufanya kazi ya mgodi usio na faida, na maji yanatoka humo mpaka leo.

Watoto waliokuja nasi waliipenda zaidi habari ya mwaka 1833, wachimbaji wa Magpie na wa mgodi jirani wa Red Soil walipogombania mshipa mmoja wa risasi. Moto uliwashwa chini, moshi ukaua watu watatu wa Red Soil. Kesi ilisikilizwa Derby mwaka uliofuata, washtakiwa wakaachiwa, na inasimuliwa kwamba wajane waliulaani mgodi. Mzee wetu wa Geita alisikiliza mpaka mwisho, akasema ugomvi wa duara, yaani shimo la mgodi, anaujua, ila kwao hawakungoja wajane.

Sasa nije kwenye sababu ya kazi yetu. Karibu na mlango wake handaki linapita kwenye mwamba laini wa matabaka, na hapo ndipo lilipoporomoka miaka ya 1960. Kuziba kwa njia hakukuyazuia maji kuja. Yalijikusanya nyuma ya kifusi, yakapanda, mpaka mwaka 1966 yakapasua na kutoka kwa kishindo, yakimwaga mawe na udongo hadi mtoni. Handaki lilifunguliwa tena na watu wa kujitolea mwaka 1974. Kwa hiyo mtu akiniambia kutoa majani na tope mlangoni ni kazi ya kufagia tu, namkumbusha mwaka 1966.

Mwaka huu tulipewa sehemu ya mlangoni, kwa ruhusa ya mwenye ardhi na chini ya viongozi wenye uzoefu. Tulitoa matawi, majani yaliyooza na tope lililojaa mferejini. Tope la mgodi wa risasi lina risasi ndani yake, kwa hiyo haliruhusiwi kusukumwa mtoni, ambako kuna samaki. Lilitoka ndoo kwa ndoo, watu wamejipanga mstari, hadi pale tulipoonyeshwa. Glavu zilikuwa za lazima. Chapati na maharage vilikaa ndani ya gari, na hakuna aliyekula kabla ya kunawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Nashukuru kina mama waliolisimamia hilo kwa ukali, hata kwangu.

Ukaguzi wa ndani ulifanywa na kikundi kidogo, na mimi sikuwamo. Goti langu lilinipigia kura ya hapana. Ndugu yetu aliyekuwa mwanaapolo (mchimbaji mdogo) Mererani ndiye aliyetuletea utaratibu wa kibao: kila anayeingia anatundika namba yake mlangoni na kuitoa mwenyewe akirudi, na mtu mmoja anakaa hapo asifanye kazi nyingine yoyote. Viongozi walikuwa na utaratibu wao, lakini walikipenda kibao na sasa wanakitumia. Kipima gesi kilitangulia mbele, kwa kuwa hewa ya chini inaweza kupungua oksijeni bila kutoa harufu yoyote. Kuta ziligongwa kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua. Mwamba mzima unatoa mlio mkavu. Uliobanduka unalia kama debe tupu, na hapo panapigwa alama ya chaki na picha. Alama zilizopigwa si nyingi, lakini zote zipo upande wa mlangoni, kwenye mwamba laini, pale pale panapotia shaka tangu zamani. Taarifa kamili wanayo viongozi, na uamuzi wa kuweka matimba (magogo ya kuegemeza mwamba) au la ni wao.

Kuna aliyeuliza kwa nini tulisimama msimu wa baridi wakati tope lilikuwa bado lipo. Ni popo. Wanalala kwenye mashimo haya ya kale, na sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 inakataza kuwasumbua. Wengine walicheka. Mimi naona ni sheria nzuri, tena ilitupumzisha migongo.

Jambo la afya halina mzaha. Panya wanapita kwenye mifereji, na mkojo wao majini huleta ugonjwa ule ule uliowasumbua ndugu zetu wa Lindi mwaka 2022, homa ya mgunda. Mwenye kidonda akifunike au abaki ukingoni. Ukipata homa ndani ya wiki chache baada ya kazi, mwambie daktari ulishika maji ya mgodi. Usimwachie akisie mafua.

Najua hatukubaliani wote. Wapo wanaoona chama kimeacha matembezi na kujitia uchimbaji, na wapo vijana wanaotaka twende ndani zaidi mwakani, hadi chini ya mgodi wenyewe. Kwa wa kwanza nasema: nenda Cromford, mwendo mfupi kutoka hapo, uone kilichobaki cha kinu cha pamba cha Arkwright cha mwaka 1771. Kilisaidiwa na maji ya handaki la aina hii, mpaka handaki jingine la chini zaidi, la Meerbrook, lilipoyavuta maji hayo. Meerbrook lenyewe leo linatoa maji ya kunywa. Ukitembea Derbyshire bila kujua maji yanapita wapi chini yako, umetembea nusu. Kwa vijana nasema hapana. Kazi yetu ni mlango. Tukiuweka wazi na kuukagua kila mwaka kwa nyundo na chaki zile zile, tutajua kama mwamba laini unasogea, na hilo lina thamani kuliko picha za mtandaoni za shimoni.

Kamati inaomba mkutano upitishe mambo mawili. La kwanza, ada ipande kidogo ili bima ya kazi za kujitolea ilipwe na chama badala ya mifuko ya watu wawili watatu, kama ilivyokuwa mwaka huu. La pili, tununue kipima gesi chetu, maana tulichotumia ni cha kuazima na kilihitajika kwingine siku mbili tulizopanga kazi.

Buti za kwapani, jozi tatu, bado hazijarudi stoo. Katibu anayo orodha ya waliozichukua, na ataisoma.