Mwanangu, nusa kwanza ndipo ununue

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi mno kusikia unataka kupanda miwaridi ya floribunda, ile inayochanua kwa mashada, tena yenye kunukia. Basi usinunue mche kwa kuitazama picha. Nenda ukaunuse. Harufu imo katika asili ya mwaridi wenyewe. Ukichukua usionukia, samadi yote ya dunia haitakusaidia.

Floribunda zilipatikana Denmaki mwanzoni mwa karne ya 20, ukoo wa Poulsen, wakuzaji wa miwaridi, ulipochanganya miwaridi mifupi yenye mashada na ile ya maua makubwa. Kilichotafutwa hasa ni wingi wa maua, na nyingi zilikosa manukato. Watu wakazoea kusema floribunda hainuki. Usiwasikilize. Iko Margaret Merril, nyeupe, iliyotolewa na Harkness, wakuzaji wa miwaridi wa Uingereza, mwaka 1977: harufu yake inakufuata hata ukiipita. Iko Arthur Bell ya manjano, na Angel Face ya zambarau. Iceberg utaiona kila bustani, na kwa kuchanua haina mpinzani, ila harufu yake ni hafifu. Mimi nisingeanza nayo.

Nenda asubuhi, jua likiwa limeanza kupasha petali moto lakini halijawa kali. Manukato ni mafuta mepesi yanayopeperuka. Ukifika adhuhuri utalihukumu ua bure, maana mengi yameshakwenda na hewa. Chagua ua lililofunguka nusu.

Nyumbani, panda mahali penye jua la saa 6 au zaidi kwa siku, pasipopigwa na upepo, karibu na dirisha au njia mnayopita kila siku. Udongo usituamishe maji, uchanganye na mboji iliyooza vizuri. Acha sentimita 60 kati ya mche na mche. Usisonganishe, nakuomba, hata kama bustani itaonekana tupu mwanzoni. Hewa lazima ipite. Majani yakibaki na maji kwa muda wa saa 7 hivi, ukungu wa madoa meusi hupata nafasi ya kuingia. Kwa hiyo mwagilia shinani, asubuhi, maji mengi kwa mara moja, kuliko kunyunyizia kidogo kidogo juu ya majani. Vidukari wakitokea kwenye machipukizi, wapanguse kwa vidole.

Kitu kimoja ambacho wengi hawakifanyi: katika kila shada, kitumba cha katikati hutangulia kuchanua na kunyauka wenzake wakiwa bado. Kikate kingali kidogo, hao wengine watafunguka pamoja, na hapo ndipo harufu hujaa. Shada lote likinyauka, likate hadi kwenye jani la kwanza lenye vijani vitano, chipukizi jipya litokee hapo.

Mkasi wangu wa kupogolea nakutumia pamoja na barua hii. Unoe, na uufute kwa spiriti kila unapohama kutoka mche mmoja kwenda mwingine.

Wako akupendaye,
Mama