Msumari Umekudunga? Tuanze na Nyundo Yako

Wateja wetu wengi ni mafundi wa jua kali wa Kamukunji. Huingia wakichechemea, kisigino kimefungwa kitambaa: "Daktari, ni msumari tu, nipe dawa ya uchungu." Dawa utapata. Lakini tukiuliza sindano ya pepopunda ulidungwa lini, unatukodolea macho.

Ukikunja mkono kuinua nyundo, msuli wa mbele hukaza na wa nyuma sharti ulegee. Kulegea huko kunaamuliwa kwenye uti wa mgongo, kwa kemikali mbili ambazo neva hutumia kunyamazishana: glisini na gaba. Bila hizo, misuli yote ingekaza kwa pamoja.

Hapo ndipo pepopunda hupiga. Bakteria hubaki kidondani, ila sumu yake hupanda kwa neva hadi utini na kuzuia glisini na gaba zisimwagwe. Mara nyingi taya hukaza kwanza, halafu shingo, mwishowe mgongo unapinda kama upinde. Mlango ukibamizwa tu, mwili mzima unakakamaa.

Jamaa husema ni kifafa, au pepo (jina la ugonjwa nalo halikutusaidia!). Kifafa huanzia ubongoni, na kikishika mwili wote mgonjwa hupoteza fahamu. Wa pepopunda yuko macho, anasikia maumivu yote. Kwa hiyo msimpigie kelele, na msimlete kwetu. Mkimbizeni hospitali kubwa. Huko hupewa kinga ya kunasa sumu ambayo haijafika kwenye neva, na dawa kama diazepamu ya kuipa gaba nguvu. Sumu iliyokwisha kushika neva haing'oki. Ni kungoja wiki kadhaa.

Dalili kwa kawaida huanza kati ya siku 3 na 21, pengine kidonda kimeshakauka na umekisahau.

Na si kutu. Mbegu za bakteria hawa hukaa kwenye udongo na samadi, kwa hiyo hata msumari mpya uliookotwa chini unaweza kuzizamisha ndani, kusikofika hewa.

Sisi tunaosha kidonda, kisha tunahesabu miaka. Kidonda kichafu au cha kudungwa, ikiwa imepita miaka 5 tangu sindano ya mwisho, unadungwa nyingine. Kidonda kidogo kisafi, miaka 10. Hata aliyewahi kuugua anachanjwa, maana ugonjwa haumwachii mtu kinga. Kadi ikipotea, tunakuhesabu hujawahi kuchanjwa.

Tunafungua saa moja asubuhi, kabla nyundo hazijaanza.