Wati nane zilivyozunguka dunia

Juma rafiki yangu,

Salamu nyingi. Natumai wewe na wa nyumbani hamjambo.

Umeniuliza wati nane tu za mawimbi ya redio ziliwezaje kutoka Marekani zikazifikia nyambizi upande wa pili wa dunia. Siri ni urefu wa wimbi. Mitambo ya jeshi la wanamaji huko Clam Lake, Wisconsin, na Republic, Michigan, iliyofanya kazi kuanzia 1989 hadi 2004, ilirusha kwa hezi 76, yaani mitetemo 76 kwa sekunde. Gawa kasi ya mwanga kwa 76: wimbi moja lina karibu kilomita 3,950. Ayonosfia, tabaka la hewa yenye chaji za umeme, iko juu yetu kilomita 70 hivi mchana, 90 usiku. Wimbi refu namna hiyo hubanwa kati yake na ardhi, likasafiri humo likipoteza kama desibeli moja tu, yaani karibu moja ya tano ya nguvu yake, kila kilomita 1,000.

Kazi ni kulitoa. Antena ya robo wimbi ingekuwa na urefu wa karibu kilomita 1,000, haijengeki. Wakatandaza nyaya juu ya nguzo, kule Wisconsin nyaya mbili za kilomita 22 hivi kila moja, ncha zake zikaunganishwa na vyuma vilivyozikwa. Mkondo hupita wayani, hushuka, hurudi chini kwa chini, ukifanya kitanzi kikubwa kinachorusha wimbi. Hapa wengi hukosea wakidhani ardhi inayopitisha umeme vizuri ndiyo bora. La hasha! Ingeurudisha mkondo karibu na juu, kitanzi kikawa chembamba. Mwamba wa kale wa kule, unaopitisha umeme kwa shida, huulazimisha uzame kilomita kadhaa, na kitanzi kinapanuka. Hata hivyo megawati ziliingia, zikatoka wati nane.

Ndani ya maji ya bahari, wimbi hilo hubaki na asilimia 37 ya nguvu ya uga wake kila mita 29. Wimbi la hezi 20,000 hupungua kiasi hicho kabla ya mita mbili. Kwa hiyo nyambizi ilipokea ikiwa kilindini, ikiburuta waya mrefu. Lakini herufi tatu zilichukua kama dakika 15, na nyambizi haikuweza kujibu.

Ukitaka kupokea mwenyewe mawimbi ya namna hii, tafuta mvumo wa radi, unaozunguka dunia kati ya ardhi na ayonosfia, kwenye hezi 7.8, 14 na 20. Radi za bonde la Kongo huuchochea sana. Kaa mbali na nyaya za umeme, mvumo wake wa hezi 50 utafunika kila kitu. Koili ya kupokelea, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, izike: upepo ukiitikisa ndani ya usumaku wa dunia, itatoa ishara kubwa kuliko unayoitafuta.

Wako,
Salim