Lupopo ni yangu pia, hata kama Kamina ni jimbo lingine

Bwana Mhariri,

Kuna maneno yameanza kuzoeleka hapa Lubumbashi, kiwanjani na hata sokoni, nami siwezi tena kuyanyamazia. Watu wanaulizana nani ana haki ya kupenda timu gani. Kijana mmoja, mpenzi wa Lupopo, timu ya mpira ya hapa mjini, kama mimi, alisimama mbele ya meza yangu ya vitenge hapa soko la Kenya, mtaa wetu wa Lubumbashi, akaniambia: "Mama, wee uko muntu wa Kamina, Haut-Lomami. Sasa Lupopo iko yenu namna gani?" Hakuwa na chuki. Lakini mambo hayo nayasikia kwa watu wazima pia, na wao hawachezi. Tangu mwaka 2015, Katanga ilipokatwa kuwa majimbo manne, Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika, kuna wanaodhani hata mpira umegawanywa pamoja na ofisi za magavana.

Mimi nilizaliwa Kamina kwenye kambi ya wafanyakazi wa reli. Baba alikuwa fundi wa vichwa vya treni. Mtoto wa reli hachaguliwi timu, anazaliwa nayo. Lupopo, kwa jina kamili Saint-Éloi Lupopo, ilianzishwa mwaka 1939 kama timu ya watu wa reli, na mtakatifu wake ndiye msimamizi wa mafundi wa chuma. Ndiyo sababu hadi leo wachezaji wetu wanaitwa Cheminots, yaani watu wa reli. Habari za mchezo zilikuwa zinafuata njia ileile ya treni: kutoka Lubumbashi hadi Likasi, Tenke, Bukama, mpaka kwetu Kamina. Dereva aliyekuwa kiwanjani Jumapili ndiye aliyetuletea simulizi ya mabao, na wanaume walimzunguka kabla hajashusha mfuko wake. Tulijua nani alikimbia vizuri na nani alichoka, ingawa hatukuwa tumewaona kwa macho. Kwa watu wa Kamina, wa Kabalo na wa Kalemie, jina la Lupopo halikuwa jina la mji mmoja. Lilikuwa la kazi ya baba zetu.

Sasa anipigie hesabu mtu: mwaka 2002 Lupopo ilipochukua ubingwa wa nchi, sisi wa Kamina tulishangilia kama wenye timu. Miaka kumi na mitatu baadaye mpaka unachorwa. Je, ile furaha ya 2002 tuirudishe?

Naja kwa Mazembe, timu nyingine kubwa ya Lubumbashi, na wenzangu wa Lupopo, wa manjano na buluu, wanivumilie. Siku ya dabi nataka tuwafunge, na mabao yawe mengi. Sina upole siku hiyo. Lakini Mazembe wakivuka mpaka wa nchi, mimi ni wao. Nimewahi kuambiwa kwamba mpenzi wa kweli wa Lupopo lazima awaombee Mazembe washindwe hata mbele ya Waarabu. Nakataa kabisa. Timu hizi mbili zina umri mmoja: Mazembe nao ni wa 1939, walianzishwa na mapadri wa Kibenediktini kwa jina la Saint-Georges, baadaye wakawa Englebert. Walipochukua kombe la Afrika mwaka 1967, na tena 1968, baba yangu, mtu wa reli asiyekuwa na timu nyingine ila Lupopo, alisimulia ushindi ule maisha yake yote. Alikuwa anasema kombe limekuja Lubumbashi.

Na Desemba 2010, nani katika mji huu alikaa nyumbani kwa sababu ni wa Lupopo? Tarehe 14, kule Abu Dhabi, Mazembe waliwapiga Internacional ya Brazil 2-0, bao la Kabangu na bao la Kaluyituka, na kipa wao Kidiaba akarukaruka kwa makalio uwanjani dunia nzima ikimtazama. Kabla ya hapo hakuna timu nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini iliyowahi kucheza fainali ya klabu bingwa za dunia. Ilikuwa timu ya kutoka Kamalondo, mtaa wa hapa mjini! Nilitoka nje na leso yangu ya manjano kichwani, na vijana wa Mazembe wakanipokea, tukaimba pamoja hadi usiku. Hakuna aliyeniuliza jimbo.

Lakini siku nne baadaye, kwenye fainali, Inter ya Milan ikatufunga 3-0, na hapa mjini vijana wakashambulia maduka ya Wachina, eti kwa sababu mwamuzi alikuwa Mjapani. Nakumbusha jambo hilo kwa makusudi. Wenye maduka wale hawakuwa na filimbi wala hawakuwa Wajapani. Mtu akishazoea kutazama mpira kwa macho ya "huyu si wetu", hakosi wa kumpiga.

Sisi watu wa umri wangu tunajua njia hiyo inafika wapi. Mwaka 1992 na 1993 majirani zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na kwingine Katanga. Walilala kwenye vituo vya treni wiki kwa wiki, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka kwenye nchi ambayo watoto wao wengi hawakuwa wameiona. Wapo waliokufa palepale kituoni, na wengine njiani. Reli ile niliyoisifu hapo juu ndiyo iliyowabeba. Kwa hiyo nikisikia, timu kutoka Kasai inapokuja kucheza hapa, kikundi cha mashabiki kinaimba nyimbo za kuwaambia wageni warudi kwao, mwili unanisisimka. Sitataja kikundi hicho. Walioimba wanajijua. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa mwaka 1992, na ndiyo maana lazima wazee waseme.

Tena nyimbo hizo zinasahau timu zetu zimejengwa na nani. Trésor Mputu, mchezaji wa Mazembe, alizaliwa Kinshasa, akaja kuwa mtoto mpendwa wa Lubumbashi. Mwaka 2015, Mazembe waliporudi na kombe la tano la klabu bingwa Afrika, mabao mawili ya fainali ya kwanza kule Algiers yalifungwa na Rainford Kalaba wa Zambia na Mbwana Samatta wa Tanzania. Hapa nyumbani, kwenye marudiano tarehe 8 Novemba, Samatta akafunga penalti, kisha Assalé kutoka Côte d'Ivoire akamaliza kazi. Samatta alikaa nasi tangu 2011 na alikuwa mfungaji bora wa mashindano yale. Watoto wa mtaa wetu walimwita kaka. Na Februari 2012, Zambia ilipochukua kombe la Afrika, penalti ya mwisho ilipigwa na Stoppila Sunzu, mchezaji wa Mazembe, na huku mtaani Kenya tulipiga vigelegele kama vile ni sisi. Kama Mzambia na Mtanzania wanaweza kuwa watoto wa Lubumbashi kwa jasho lao, itakuwaje mtu wa Kamina, wa Kolwezi au wa Mbuji-Mayi kule Kasai awe mgeni kwenye jukwaa aliloketi baba yake?

Najua nitajibiwa kwamba kila jimbo sasa lijenge timu yake. Lijenge! Nitafurahi sana siku timu ya Kamina itakapokuja kucheza hapa uwanja wa Kibassa Maliba, na nitaikalia upande wake bila aibu. Kolwezi wana Simba, Likasi wana Panda, na timu hizo zinastahili mashabiki wengi kuliko walio nao. Nikienda Likasi kununua bidhaa huwa nauliza kwanza Panda wanacheza lini. Kupenda timu ya ulikozaliwa hakukunyimi kupenda ya unakoishi. Wanaotulazimisha kuchagua moja ni wenye hesabu za kura.

Kuna jambo jingine ambalo linaniuma zaidi, na linahusu kalamu yenu. Novemba 2024 wanawake wa Mazembe walikwenda Morocco, wakawashinda AS FAR nyumbani kwao, bao 1-0, penalti ya Marlène Kasaj, na kuwa mabingwa wa klabu za wanawake za Afrika. Hakuna timu nyingine ya wanawake ya nchi hii iliyowahi kufika hapo. Nilikuwa na wenzangu wauza vitenge, tumebanana mbele ya tele ndogo ya muuza simu, wa Lupopo na wa Mazembe, mwenye kutoka Kalemie, mwenye kutoka Mwene-Ditu, na mama mmoja wa Bukavu ambaye mpira haukuwahi kumhusu. Mwamuzi alipopuliza filimbi ya mwisho tulilia sote. Kesho yake wateja wanaume waliniuliza habari za mchezo wa Ulaya. Ule wa mabinti wetu hawakuwa na habari nao.

Kwa hiyo, Bwana Mhariri, naomba mambo mawili. Kwanza, andikeni wazi juu ya nyimbo za kabila viwanjani. Waulizeni viongozi wa mashabiki, wa Lupopo na wa Mazembe vilevile, wanafanya nini kuzizuia kabla ya watu kuingia uwanjani, maana polisi wakisharusha moshi wa kutoa machozi, wanaopata taabu ni sisi akina mama na watoto tulioketi chini. Pili, mtuchapishie ratiba na matokeo ya ligi ya wanawake, pamoja na ya Likasi na Kolwezi. Leo hii, ili kujua mabinti wanacheza saa ngapi, inabidi kumtuma mtoto akamwulize mlinzi wa geti, na mara nyingi anarudi na jibu kwamba mchezo ulikuwa jana. Mistari michache siku ya Ijumaa inatosha. Sisi wa sokoni tutafunga meza mapema na kwenda.

Mama muuza vitenge,
Soko la Kenya, Lubumbashi